Chakula Kinapokawia Tumboni: Dawa Ipi kwa Nani

Mtu akifika kaunta ya dawa na kusema "tumbo limejaa, chakula hakishuki", swali langu la kwanza huwa halihusu dawa. Nauliza: unashiba kabla hujafika nusu ya sahani? Ukitapika, kinatoka chakula cha sasa hivi au kile cha jana? Na kinachokukera zaidi ni kuungua, ni maumivu, au ni ule uzito wa kujaa? Watu wawili huweza kulalamika kwa maneno yaleyale, kumbe mmoja anaunguzwa na asidi, na mwingine mfuko wake wa tumbo umelegea, hausukumi. Huyu wa pili ukimpa dawa ya yule wa kwanza atameza mwezi mzima, na chakula kitaendelea kukaa palepale.

Nimefanya kazi ya ufamasia miaka mingi, na hapa ndipo ninapoona watu wakiumia bila sababu. Dawa za kusukuma chakula zipo na zinasaidia. Lakini kila moja ina mahali inapouma: hii inagusa ubongo, ile inagusa moyo, nyingine inachoka baada ya wiki chache. Kwa hiyo usitafute iliyo kali kuliko zote. Tafuta ile isiyogonga pale ambapo mwili wako tayari ni dhaifu.

Je, ni kukawia kweli?

Chakula kikiingia, sehemu ya juu ya mfuko wa tumbo hulegea ili kukipokea. Sehemu ya chini hukisaga mpaka kiwe uji, kisha hukisukuma kidogo kidogo kwenda utumbo mwembamba. Mwendo huo huongozwa na neva, hasa ile ndefu inayoshuka kutoka ubongoni, iitwayo vagasi. Neva hiyo ikiumia, msukumo hufifia. Kisukari cha miaka mingi huiumiza. Upasuaji wa tumbo au wa umio huweza kuijeruhi. Ugonjwa wa Parkinson, ule wa kutetemeka na kukakamaa, nao hupunguza kasi ya tumbo, wengine huanza baada ya maambukizi ya virusi, na kwa wengi chanzo hakionekani kabisa. Hali hii ndiyo madaktari wanayoiita gastroparesi.

Haithibitishwi kwa kubonyeza tumbo. Kwanza daktari huingiza kamera kupitia mdomoni ahakikishe hakuna kilichoziba njia, maana kumpa dawa ya kusukuma mtu ambaye utumbo wake umeziba ni kumhatarisha. Kisha, panapowezekana, mgonjwa hula mlo mwepesi uliotiwa chembe kidogo ya mionzi na kupigwa picha kwa muda wa saa 4. Saa hizo zikiisha na bado kimebaki zaidi ya asilimia 10 ya mlo, tumbo huhesabiwa kuwa linakawia.

Kabla ya kuongeza dawa, tazama pia zile unazomeza tayari. Dawa za maumivu kama tramadoli, kodeini na mofini hulifunga tumbo na utumbo kwa pamoja. Sindano za semaglutidi na liraglutidi, zinazotumika kwa kisukari na kupunguza uzito, sehemu ya kazi yake ni huko huko kulichelewesha tumbo. Hayosini, ile ya Buscopan ambayo watu hununua kwa msokoto wa tumbo, hulegeza misuli ileile unayotaka ikaze. Aliwahi kunijia mzee mmoja akitaka dawa ya kushusha chakula, na mkononi ana karatasi ya dawa za mgongo: kodeini mara tatu kwa siku, mwezi wa nne sasa. Sikumuuzia kitu. Nilimwandikia jina la kodeini kwenye kikaratasi arudi nacho kwa daktari wake, na ilipobadilishwa, tumbo lilifunguka lenyewe.

Metoklopramidi na domperidoni, ana kwa ana

Hizi ndizo mbili zinazolinganishwa zaidi, na inafaa. Metoklopramidi wengi wanaijua kwa jina la Plasil. Domperidoni kwa jina la Motilium. Zote mbili zinamzuia mlinzi mmoja. Mwilini kuna kemikali iitwayo dopamini, na tumboni kazi yake mojawapo ni kutuliza msukumo. Dawa hizi zikiizuia, sehemu ya chini ya tumbo hukaza vizuri na chakula hupata kutoka. Wakati huohuo zinanyamazisha kituo cha ubongoni kinachoamsha kutapika. Ndiyo maana mtu hupata faida mbili kwa kidonge kimoja, chakula kinashuka na kichefuchefu kinapungua.

Tofauti iko ukutani. Ubongo umezungukwa na kizuizi kinachochuja vitu vilivyomo kwenye damu. Metoklopramidi hupenya kizuizi hicho. Domperidoni kwa sehemu kubwa hubaki nje, na bado hukifikia kituo cha kutapika kwa sababu kituo chenyewe kimekaa upande wa nje. Ukishika jambo hili moja, karibu yote yanayofuata yatakuwa mepesi kukumbuka.

Kwa kuwa metoklopramidi inaingia ubongoni, madhara yake makubwa ni ya huko. Wengine husinzia. Wengine hupatwa na mahangaiko ya ajabu: miguu haitulii, hawezi kukaa, hawezi kulala, wala hajui anataka nini. Huzuni nzito huweza kuingia, na mwenye historia ya sonona aiseme mapema kabla ya kuandikiwa. Kisha kuna misuli. Nilimwona binti wa miaka 19 aliyechomwa sindano ya metoklopramidi kwa sababu ya kutapika. Jioni yake shingo ilijipinda ikaelekea begani, macho yakavutwa juu, taya likakaza. Mama yake aliamini ni degedege. Binti mwenyewe alikuwa na akili timamu, anasikia kila neno, ila hawezi kujibu. Alipochomwa dawa ya kufuta athari ile, shingo ilirudi mahali pake katika dakika chache. Jambo hili huwapata zaidi watoto na vijana, na mara nyingi hutokea katika siku 2 za mwanzo. Linatisha kulitazama, lakini linatibika.

Lisilotibika kirahisi ni lile la polepole. Mtu aliyemeza metoklopramidi kwa miezi huanza kutafuna bila kitu mdomoni, ulimi unatoka na kurudi, midomo inajikunja, na yeye mwenyewe huenda hajitambui mpaka mtu wa nyumbani amwambie. Dawa ikisimamishwa, mienendo hii huweza kubaki. Wazee, hasa wanawake, na wenye kisukari wamo katika hatari kubwa zaidi, na uchungu wake ni kwamba wenye kisukari ndio hasa wanaohitaji dawa ya tumbo linalokawia.

Kwa sababu hiyo mamlaka zimeitazama dawa hii kwa macho mawili tofauti. Marekani, ambako ndiyo dawa pekee iliyoidhinishwa rasmi kwa gastroparesi, mamlaka ya dawa ya huko, FDA, iliagiza mwaka 2009 liwekwe onyo zito kabisa kwenye maelezo yake, na matumizi yasizidi wiki 12. Huko pia dawa ya kupulizia puani iliidhinishwa mwaka 2020 kwa wenye kisukari ambao kidonge kinakaa tumboni pamoja na chakula. Ulaya ilikaza zaidi: mwaka 2013 shirika la dawa la EMA lilipendekeza itumike kwa siku 5 tu, isizidi miligramu 30 kwa siku, na isitumike tena kwa matatizo ya kudumu kama gastroparesi na kukosa mmeng'enyo. Mimi naegemea upande wa tahadhari. Mtu mwenye tumbo linalokawia kweli na asiye na njia nyingine, akiwa chini ya daktari, anaweza kuitumia kwa kiwango kidogo, miligramu 5 nusu saa kabla ya mlo, ikiwezekana ya maji badala ya kidonge, na kwa vipindi vyenye mapumziko. Lakini metoklopramidi ya kununua na kununua tena kila mwezi, bila mtu yeyote kukutazama mdomo na mikono, siikubali.

Domperidoni nayo inatuepusha na mengi ya hayo, kisha inatupeleka kwenye moyo. Huchelewesha ule mpigo wa umeme unaouandaa moyo kwa pigo linalofuata, na ucheleweshaji huo ukizidi, mapigo huvurugika vibaya, hata kuua. Haitokei kwa kila mtu. Hatari hupanda kwa waliozidi miaka 60, kwa wanaomeza zaidi ya miligramu 30 kwa siku, na kwa wenye ugonjwa wa moyo au wa ini. Mwaka 2014 Ulaya iliibana: kichefuchefu na kutapika tu, miligramu 10 mpaka mara 3 kwa siku, na kwa kawaida isizidi wiki 1. Marekani haijaidhinishwa kabisa.

Kinachonisumbua zaidi kuhusu domperidoni ni dawa nyingine zinazokaa nayo kwenye mfuko mmoja. Erithromaisini na klarithromaisini za bakteria, ketokonazoli ya fangasi na ritonaviri ya VVU huzuia ini lisiivunje, ikarundikana mwilini. Flukonazoli ya fangasi, amiodaroni ya moyo, haloperidoli ya magonjwa ya akili, na dawa za malaria zenye lumefantrini huongeza mzigo uleule juu ya moyo. Mtu huyo huyo anaweza kuwa anatibiwa fangasi sehemu moja na tumbo sehemu nyingine, na kila aliyemwandikia hajui la mwenzake. Kuna kitanzi kingine ambacho wachache hukiona: anayetapika sana hupoteza potasiamu, na potasiamu ikishuka moyo huwa mwepesi zaidi kuvurugwa na domperidoni. Yaani anayeihitaji zaidi ndiye aliye karibu zaidi na hatari yake. Ndiyo sababu daktari makini hupima ECG, yaani kipimo cha umeme wa moyo, na potasiamu kabla ya kumwanzishia mtu dawa hii kwa muda mrefu.

Lipo dhara moja wanaloshirikiana. Dopamini ndiyo inayoizuia homoni ya prolaktini. Ikizuiwa yenyewe, prolaktini hupanda. Dada mmoja alinunua kipimo cha mimba mara tatu katika miezi miwili, hedhi imekatika, matiti yanatoa maziwa, na kipimo kinasoma hakuna. Mara ya tatu ndipo nilipomuuliza anameza nini. Domperidoni, kwa ajili ya tumbo kujaa, tangu miezi mitano nyuma. Nilijilaumu kwa kutouliza mara ya kwanza. Wanaume nao huweza kuvimba matiti au kupungukiwa hamu ya tendo, nao ni wagumu zaidi kusema.

Sasa chaguo. Mwenye Parkinson asiguse metoklopramidi, kwa sababu ubongo wake tayari una upungufu wa dopamini. Hapa domperidoni ndiyo inayotafutwa, kwa kiwango kidogo na moyo ukiwa umepimwa. Kijana mdogo, mwenye sonona au mwenye kifafa, naye namsogeza upande wa domperidoni. Mwenye moyo mbovu, aliyewahi kuzirai bila sababu, au anayemeza dawa nyingi kwa pamoja, domperidoni si yake. Mwenye figo zilizochoka akipewa metoklopramidi kiwango kinapunguzwa, mara nyingi nusu. Na anayetapika hata maji hayakai atapata metoklopramidi kwa sindano, kwani domperidoni ya sindano iliondolewa zamani kwa sababu ya moyo.

Erithromaisini, mbio za wiki chache

Hii watu wanaijua kama dawa ya kuua bakteria. Kwa kiwango kidogo hufanya jambo lingine kabisa: huiga homoni ya motilini, ile inayoamsha mawimbi ya kusafisha tumbo wakati wa njaa. Ikitolewa kwa mshipa, ni miongoni mwa dawa zenye nguvu zaidi ya kumwaga tumbo. Hospitalini hutumika mgonjwa akilazwa kwa tumbo lililogoma, na pia hutolewa muda mfupi kabla ya kamera kwa mtu anayevuja damu tumboni, ili damu na mabaki yaondoke daktari apate kuona.

Shida ni kwamba mwili huizoea. Baada ya wiki chache, mara nyingi ndani ya mwezi, tumbo huacha kuisikia. Basi usiifikirie kama dawa ya kudumu. Ni ya kumvusha mtu kwenye kipindi kibaya. Nayo inagusa moyo kwa njia ileile ya domperidoni, na inazuia ini lisivunje dawa nyingine, kwa hiyo erithromaisini na domperidoni haziwekwi pamoja hata siku moja. Anayemeza simvastatini ya kolesteroli aiache wakati huo, la sivyo misuli yake inaweza kuharibika. Na kila dozi ya antibayotiki inayomezwa bila kuwinda bakteria huwafundisha bakteria kuizoea. Sababu hiyo peke yake inatosha kwangu kutoiuza kwa mtu anayesema tu kwamba amesikia inafungua tumbo. Azithromaisini ina tabia inayokaribia hiyo na haigombani na dawa nyingi kiasi hicho, ingawa nayo si salama kwa moyo dhaifu.

Zile zinazopitia serotonini

Serotonini ni kemikali ya mwilini ambayo, pamoja na kazi nyingine, huamsha mwendo wa utumbo. Miaka ya 1990 kulikuwa na sisapridi, dawa ya njia hiyo. Ilisukuma vizuri, watu wakaipenda, kisha ikaonekana inavuruga mapigo ya moyo na kuua, na mwaka 2000 ikaondolewa kwenye soko la kawaida la Marekani. Prukalopridi ni ya ukoo huo, ila imetengenezwa kulenga kipokezi kimoja cha serotonini cha utumbo na kuuacha moyo. Iliidhinishwa Ulaya mwaka 2009 na Marekani mwaka 2018, zote kwa ajili ya choo kigumu cha kudumu. Kwa tumbo linalokawia, daktari huiandika nje ya idhini hiyo, na wapo wagonjwa ambao chakula chao hutoka haraka zaidi na kujaa kukapungua.

Mtu ninayemfikiria kwanza kwa dawa hii ni yule ambaye tumbo halishushi na choo pia hakitoki. Metoklopramidi humsaidia juu na kumwacha chini kama alivyo. Prukalopridi hushika ncha zote mbili: miligramu 2 mara moja kwa siku, na 1 kwa mzee au mwenye figo zilizoharibika sana. Siku za mwanzo kichwa huuma na tumbo huendesha, kisha mara nyingi hutulia. Shingo haijipindi wala maziwa hayatoki. Akibadilika hisia au akaanza kuwaza kujidhuru, aiache na amwone daktari mara moja.

Mosapridi ni binamu yake mdogo, miligramu 5 mara 3 kwa siku, nayo imezoeleka zaidi Asia. Itopridi, miligramu 50 mara 3 kabla ya kula, huzuia dopamini na pia huzuia kuvunjwa kwa kemikali inayokaza misuli. Haipenyi sana ubongoni na haina sifa mbaya kwa moyo. Ni nyepesi kwa mwili, lakini isitegemewe kwa tumbo lililogoma kabisa. Naiona inafaa kwa mtu wa kujaa na kuvimbiwa baada ya kula ambaye kamera haikukuta kidonda. Huyo huyo ndiye Japani ilimwidhinishia akotiamidi mwaka 2013, miligramu 100 mara 3 kabla ya mlo.

Levosulpiridi isikudanganye kwa jina lake geni. Ni ndugu wa metoklopramidi kwa tabia: inaingia ubongoni, inapindisha misuli, inapandisha prolaktini. Huuzwa mara nyingi ikiwa imechanganywa na dawa ya asidi ndani ya kapsuli moja, kama inavyofanywa domperidoni. Geuza boksi usome maandishi madogo. Nimekutana na mtu aliyekuwa akimeza kapsuli ya asidi yenye domperidoni ndani yake asubuhi, na vidonge vya domperidoni mara tatu kwa siku juu yake, akidhani ni dawa mbili tofauti.

Ikiwa ni asidi, si kukawia

Hapa naenda haraka, kwa sababu njia imenyooka zaidi. Kinachouma ni chembe ya moyo, unaungua, unaamka usiku na uchungu kooni: anza na kupimwa bakteria Helicobacter pylori, kwa kinyesi au kwa pumzi. Barry Marshall na Robin Warren walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2005 kwa kuonyesha kwamba bakteria huyu ndiye anayeleta gastritisi, yaani uvimbe wa ukuta wa tumbo, na vidonda vya tumbo. Akipatikana, anatibiwa kwa dozi kamili ya antibayotiki pamoja na dawa ya asidi, kwa kawaida siku 14, na kupimwa tena. Acha omeprazoli wiki 2 kabla ya kipimo, maana inamficha.

Omeprazoli na wenzake huzima pampu za asidi. Miligramu 20 nusu saa mpaka saa nzima kabla ya chakula cha kwanza cha siku, kwa wiki 4 hadi 8. Wengi humeza baada ya kula kisha husema haifanyi kazi. Haisukumi chakula, na kwa wengine huweza hata kuongeza ule uzito kidogo. Famotidini ni nyepesi zaidi na inafaa kwa kiungulia cha usiku cha mara moja moja. Mwili huizoea ikimezwa kila siku. Ranitidini iliondolewa Marekani na Ulaya mwaka 2020 kwa sababu ya uchafu unaohusishwa na saratani, kwa hiyo kama kuna pakiti ya zamani kabatini, itupe. Dawa za kuzimua asidi zenye aluminiamu hufunga choo, zenye magnesiamu hukiendesha, na zote ziachane saa 2 au zaidi na vidonge vya madini ya chuma na saa 4 au zaidi na homoni ya tezi, huku antibayotiki ya siprofloksasini ikimezwa saa 2 kabla yake au saa 6 baada yake.

Na ikiwa tatizo ni maumivu yasiyo na kidonda, amitriptilini ya kiwango kidogo usiku huweza kutuliza neva za tumbo, ila huwafaa wale ambao tumbo lao linamwaga kwa wakati. Anayekawia inaweza kumkawiza zaidi. Anayeshiba kwa vijiko vitatu na kupungua uzito huandikiwa mirtazapini. Ondansetroni huzima kichefuchefu bila kusukuma chochote, na hufunga choo; ni ya kumtuliza mtu apate kunywa, si ya kumtibu tumbo.

Muda wa kumeza, na insulini

Dawa nyingi za kusukuma humezwa kabla ya chakula, dakika 15 hadi 30, ili ikikute chakula kinaingia. Ukimeza baada ya kula, inakaa juu ya rundo lilelile inalopaswa kulishusha. Nusu ya wanaoniambia "haikunisaidia" walikuwa wakimeza wakati usiofaa, na tulipohamisha saa mambo yalibadilika bila kuongeza miligramu hata moja.

Milo iwe midogo na ya mara nyingi, laini, yenye mafuta machache na nyuzinyuzi chache. Supu au chakula kilichosagwa hupita pale kigumu kinapokwama. Usilale mara tu baada ya kula.

Kwa anayejichoma insulini kuna jambo ambalo sitaki alipite. Insulini ya haraka huanza kazi ndani ya dakika chache, lakini chakula bado kimelala tumboni. Sukari inashuka saa ya kwanza, jasho na kutetemeka, kisha saa ya tatu au ya nne chakula kinatoka na sukari inapaa. Mtu anahangaika na mita akidhani kongosho ndiyo inayomchezea. Ukianza dawa ya kusukuma na ikafanya kazi, mpangilio huu wote unageuka, kwa hiyo saa ya kuchoma na kipimo cha insulini vipangwe upya na daktari, na sukari ipimwe mara nyingi zaidi katika siku zile za kwanza. Sukari ikidhibitiwa, nayo hulirudishia tumbo sehemu ya mwendo wake, kwa sababu sukari ya juu yenyewe hulichelewesha.

Usianze na duka la dawa kabisa kama unapungua uzito bila kukusudia, chakula kinakwama kooni, unatapika damu au kitu cheusi, choo ni cheusi kama lami, umepungukiwa damu, unatapika mfululizo, au dalili zimeanza kwa mara ya kwanza ukiwa umeshapita miaka 55. Hao wanahitaji kamera kabla ya kidonge. Mjamzito na anayenyonyesha wachaguliwe dawa na daktari. FDA ilionya mwaka 2004 dhidi ya kumeza domperidoni ili kuongeza maziwa.

Ukipewa mojawapo ya dawa hizi, chukua kalamu uandike tarehe ya kuanza juu ya boksi, na chini yake tarehe ambayo daktari ataipitia tena: siku 5, wiki 1 au wiki 12, kadiri alivyosema. Kisha mwonyeshe mtu wa nyumbani dalili za kuangalia, kutafuna bila chakula, miguu isiyotulia, kuzirai, moyo kwenda mbio. Ukifika tarehe ya pili na tumbo bado limejaa kama zamani, usiongeze kidonge. Rudi na boksi hilohilo mkononi, maana baada ya vidonge zipo njia nyingine, kuanzia kulishwa kwa mrija unaopita tumbo hadi kulegeza, kwa kutumia kamera, ule mlango ambao chakula hutokea tumboni, na daktari atataka kujua ulimeza nini, kiasi gani, na kwa siku ngapi.